Jina Lililonitoka Mbele ya Polisi

Chatsworth, Durban

Mjukuu wangu Zuhura,

Sisi wazima. Babu yako goti linamsumbua, ila mdomo haujambo. Unasema huyo kijana aliyekuposa anataka jibu, nawe unaniuliza nilijuaje kwamba babu yako ndiye wa kunioa.

Zamani za Makaburu nilifanya kazi mjini kwa Bwana Otto, mchapaji wa Kijerumani. Siku moja tulikuwa tumepanga herufi za madini ya risasi za kuchapia tangazo la kuwaita watu wa bandarini wagome. Polisi akaingia. Herufi hizo hupangwa kinyume, kama maandishi kwenye kioo, kwa hiyo hakuweza kuzisoma. Angeweza, sote wawili tungefungwa.

"Hii inasema nini?"

Bwana Otto akapitisha kidole juu ya herufi, akasoma polepole: "Mnaalikwa harusini, Jumamosi, saa nane mchana." Uongo mtupu!

Polisi akanigeukia. "Harusi ya nani?"

"Yangu, bwana."

"Na nani?"

Bwana Otto hakuthubutu hata kunitazama. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Yusufu." Babu yako! Kijana wa duka la jirani, ambaye mimi naye tulikuwa hatujawahi kuvuka salamu.

Polisi akaondoka. Mimi nikabaki nimeshikilia meza, nikiogopa jambo jingine kabisa.

Sasa wewe: polisi angekubana hivyo, lingekutoka jina la nani?

Bibi yako,
Mwanaisha