Mgebuka wa Maboksi

Jumapili, usiku

Magoti yanawaka moto. Nani alinituma, mzee mzima, nikimbie nusu marathoni nimevaa vazi la maboksi la mgebuka, yule samaki wa ziwani kwetu, kuchangia boti ya kuwahisha wajawazito wa kijiji cha Mwamgongo hospitali?

Pale Katonga, penye soko la samaki, nilikaa chini, nikasema basi. Wauza samaki wakanizunguka. "Babu, umeanza kuoza?" Wakanimwagia maji, kama wanavyowafanyia samaki wao waliolala. Maboksi yakalowa, mkia ukadondoka, nikawa mwepesi! Nikainuka nikiwatukana. Nimemaliza wa mwisho, lakini wachangiaji wametoa pesa.

Ila boti bado haijanunuliwa, na binti yangu Zawadi yuko kulekule Mwamgongo, mimba yake mwezi wa tisa huu. Nilipompigia alinicheka, akaweka simu tumboni nimwambie mtoto asubiri.

Nimemwambia. Sijui kama amesikia.