Sungura Wangu Anatokwa Machozi

Jumamosi, Malaba. Mawingu tangu asubuhi, joto la kunata, mvua bado haijaamua. Mguu unauma kidogo kuliko jana. Nimekaa kwenye kiti nje ya chumba chetu, daftari liko juu ya paja lililo zima.

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya Spea, sungura wangu, kupona. Mke wangu, Nekesa, alishasema tangu Jumapili iliyopita: kaka yake anakuja Jumapili hii, yaani kesho, kututembelea, na kama macho ya huyo sungura yatakuwa bado yanatiririka, ataingia sufuriani kabla hajakonda. Hakusema kwa ubaya. Nekesa anauza samaki, na kwake kila chenye damu kina siku yake ya kupikwa.

Sikubishana naye. Yeye ndiye anayelisha nyumba hii tangu nilipoanguka, na mwanamume anayelishwa hana sauti kubwa juu ya mboga.

Mimi ni utingo wa lori. Au nilikuwa, sijui niandikeje. Nilianguka kutoka juu ya magunia ya chumvi hapa hapa mpakani, kamba ya turubai ilipokatika nikiwa naivuta. Goti likavunjika. Watoto wako kwa mama yangu kule Sigalame kwa ajili ya shule. Nekesa anatoka alfajiri, siku nyingine anakwenda mpaka Busia kufuata samaki, anarudi jua limeshainama. Kutwa nzima nabaki peke yangu nikitazama foleni ya malori, na Waganda wanaovuka kutafuta sabuni na chumvi, maana kwao zimeadimika.

Ndiyo maana nilimnunua Spea. Mama mmoja kutoka upande wa Kocholia alipita na sungura kwenye kapu, nami nikamchagua huyu wa kijivu. Nilimpa jina hilo kwa sababu akijikunja anakuwa duara kama gurudumu la akiba, na gurudumu la akiba kazi yake ni kukaa tu likingoja. Sasa nikiingia ndani ananifuata. Nikikaa, analala juu ya kiatu cha mguu mbovu. Nampenda, na sioni haya kuandika hivyo, ila mbele ya matingo wenzangu sitalisema.

Macho yalianza wiki tatu zilizopita. Niliona manyoya chini ya jicho la kushoto yamelowa, nikadhani amemwagikiwa na maji. Baada ya siku mbili, jicho la kulia nalo. Maji matupu, bila usaha wala tongotongo. Pua kavu, chakula anakula. Lakini kila asubuhi nikifungua kibanda chake, nje chini ya dirisha letu, nakuta mashavu yamelowa chapachapa, na karibu na jicho manyoya yameanza kunyonyoka, ngozi nyekundu.

Nilimpangusa kwa kitambaa safi na maji vuguvugu yenye chumvi kidogo, asubuhi na jioni. Ilisaidia kwa saa moja. Jirani yetu Amoit, ambaye ananyonyesha, alisema jicho la mtoto linatiwa maziwa ya mama, akamkamulia matone mawili papo hapo bila hata kuniuliza. Spea alijifuta uso kwa miguu ya mbele akamtazama kama aliyetukanwa. Hayakusaidia kitu, lakini tangu siku hiyo Amoit anamuulizia kila asubuhi kama jamaa yake.

Bwana mifugo alipopita kuchanja ng'ombe, nilimwita. Alicheka mpaka akashika fito za uzio. Alisema sungura akiugua dawa yake ni kitunguu na nyanya.

Basi nikafanya ninavyojua mimi. Lori likisumbua huliparamii kwa nyundo, unakagua kitu kimoja kimoja. Nikamfungua kinywa: meno ya mbele sawa, hayajazidi. Nikatafuta kapi la nyasi ndani ya jicho: hakuna. Moshi? Nekesa anapikia mbali na kibanda. Kitu kimoja tu hakikukaa sawa. Mchana, akirukaruka uani, macho yanakauka. Akilala kibandani, yanalowa. Nikaamua kwamba ni wadudu wa kwenye mbao, nikakipaka kibanda kwa mara nyingine.

Kosa langu liko hapo, na naliandika lote.

Nilikuwa nakipaka oili chafu iliyochanganywa na dizeli. Kila mtu wa malori anafanya hivyo: mbao za bodi, nguzo, milango, kila kitu kinachoguswa na mchwa. Dereva wangu, Mzee Barasa, aliniachia debe zima siku alipokuwa kwenye foleni. Nilikipaka kibanda ndani na nje kabla Spea hajaingia. Macho yalipoanza, nikapaka mara ya pili. Yalipozidi, nikapaka mara ya tatu. Na kila jioni nilikuwa nateremsha gunia mlangoni ili asipigwe na baridi.

Jumatano Nekesa alirudi mapema, samaki walikuja wachache. Akainama kibandani kumpima Spea kwa macho, kama anavyopima samaki wake wa ngege. Mara akaruka nyuma, machozi yanamlengalenga.

"Baba Nabwire! Hii sanduku inanuka kama tanki ya lori. Kwani wewe husikii?"

Sikuwa nasikia.

Miaka kumi na miwili nimelala juu ya mapipa na chini ya injini. Na aliyeniambia kuhusu harufu ni mwanamke ambaye mikono yake inanuka omena hata akiwa kanisani. Nilitaka kumjibu hivyo, badala yake nikajikongoja hadi kibandani kunusa.

Baadaye nilijiuliza vizuri. Ukweli ni kwamba ile harufu ilikuwa inanifikia, ila sikuihesabu kuwa harufu. Kwangu ilikuwa kama chumba kimerudi kuwa sawa. Tangu nipake mara ya kwanza nilikuwa nalala vizuri. Nayakumbuka malori kwa hamu kubwa, na kwa kuyakumbuka nikamfungia mnyama ndani ya moshi usioonekana, kisha nikamfuta machozi asubuhi na jioni nikijiona mwema.

Iliniuma. Bado inaniuma.

Jioni hiyo hiyo nilimhamishia Spea ndani, kwenye kapu kuukuu la matete, majani makavu chini, bila gunia, dirisha wazi. Kibanda nilimwambia Nekesa akisukume mpaka nyuma ya choo. Alhamisi asubuhi mashavu yalikuwa yamelowa kidogo. Jana jicho la kushoto lilikuwa kavu.

Leo mchana nilimwita Nekesa. Alipitisha kidole chini ya jicho moja, kisha la pili, akakiangalia. Kikavu.

"Haya," akasema. "Ndugu yangu atakula ngege."

Nilifurahi kuliko ilivyonipasa. Labda ndiyo sababu nikasema na lile lingine nililokuwa nimemficha. Mwezi uliopita, baada ya plasta kutolewa, daktari aliniambia goti halitakunja tena. Kutembea nitatembea, lakini kupanda juu ya mzigo, basi. Nilirudi nyumbani nikamwambia Nekesa eti nimeambiwa nisubiri. Wiki hiyo hiyo nikanunua sungura. Kila alipouliza narudi kazini lini, nilijibu karibu.

Leo nilimwambia yote, nikimtazama Spea badala ya kumtazama yeye. Nilikuwa nangojea hasira, au kilio. Aliendelea kuparua samaki.

"Mimi nilijua kitambo," akasema. "Tangu siku ile ulianza kupigilia hiyo sanduku misumari. Mtu wa kurudi barabarani hafugi kitu."

Amekwenda sokoni. Nimekaa na maneno hayo tangu saa nane, na ni kweli.