Jembe Chini ya Nyasi za Kitanda

Baba Ildefonsa,

Maharage yako jikoni, yaongeze maji. Bibi mpe uji. Malori ya jeshi yakipita, usimwache peke yake, anatetemeka mno.

Jembe nimeliona. Nilikuwa nabadilisha nyasi za kitanda chetu, mkono ukagonga mpini. Mpini uliouchonga mwenyewe! Alfajiri mtoto analia akilitafuta, lori la misheni linapiga honi, na wewe unainama naye kuchungulia chini ya meza! Unajua chuo cha ualimu hakimpokei mwanafunzi mgeni asiye na jembe. Ulitaka wamrudishe.

Sikulaumu sana. Hata mimi vita hivi vimeninyima usingizi. Leo atalala kwa mara ya kwanza kati ya watu asiowajua, na ndege za vita zikipita, atamshika nani mkono? Lakini nafasi hiyo akiikosa, hataipata tena.

Nampelekea jembe lake. Naenda kuomba lifti ya kufika Nyakahura, mbele nitajua huko huko. ~~Nitarudi leo.~~ Nitarudi kesho. Kuku wafungie mapema.

Naondoka sasa hivi, kabla mikono yangu haijalirudisha pale ulipolificha.

Mama Ildefonsa