Sabuni Yangu ya Mbono

Jumatatu, 6 Machi 2006
Nimetwanga mbegu za mbono tangu asubuhi. Mgongo hoi. Nikachemsha, mafuta yakaelea, nikayaengua kwa kijiko. Kidogo nimetia kwenye kibatari, moshi haba kuliko wa mafuta ya taa. Yaliyobaki ni ya sabuni, nitayachanganya na maji ya majivu. Makapi nimefukia, kuku wakidonoa watakufa.

Alhamisi, 9 Machi
Shemeji Salumu, mdogo wa marehemu mume wangu, kaja kanuna. Eti msikitini wanamcheka: mjane wa Musa anawaogesha watu mafuta ya makaburini. Kisa, huku kwetu mbono hupandwa kaburini, na mti wa kaburi haukatwi. Lakini wangu ni ua wa nyumba! Tuliupanda na Musa, mikono yetu wenyewe. Kaniambia niache sabuni. Siachi. Hasira zimenijaa mpaka chakula hakipiti.

Jumapili, 12 Machi
Kisimani wanawake wamesogeza ndoo zao mbali na yangu. Haya. Nikajipaka povu usoni, shingoni, mikononi, mbele yao wote. Nikawauliza nani kaona jini wa makaburini. Jirani yangu Mama Zuhura peke yake ndiye aliyecheka. Sikuuza hata kipande. Nimeumia, ila hawatajua.

Jumanne, 14 Machi
Narudi kutoka sokoni Kilambo, uani kweupe. Salumu kafyeka ua wote. Kakaa, panga mapajani.
"Mbono ni wa makaburini, shemeji."
"Sawa," nikamjibu. "Basi naupeleka makaburini."
Nikafunga matawi, nikajitwika, nikarudia mpaka yakaisha. Nikayachomeka yote kuzunguka kaburi la Musa, mvua ikininyeshea. Mama Zuhura akaja na jembe bila kuitwa. Salumu kasimama njiani, anatazama tu. Sasa aje akate! Athubutu, ukoo mzima umwone.
Nimelia njia nzima kurudi. Hasira, si huzuni.

Jumamosi, 8 Aprili
Matawi yamechipua, karibu yote. Nimepalilia, nikamsalimu Musa. Salumu kapita akienda shamba, kainamisha macho. Kukata ni mwiko. Kuokota mbegu zilizoanguka, hakuna aliyewahi kukataza. Nitangoja yazae, hata miaka miwili.
Jioni nimewasha kibatari kwa mafuta yaliyosalia. Nimekula nikashiba.