Azimio Amelamba Tope Langu la Pwani

Jumapili, Julai. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nimevaa sweta mbili na bado natetemeka, ingawa sehemu kubwa ni hasira.

Ng'ombe amekula utafiti wangu.

Niandike kwa utaratibu nisije nikalia. Nimekuja likizo kutoka chuoni Dar na chupa ya tope nililochota mwenyewe kwenye mikoko ya Tanga. Lilikuwa limejaa bakteria. Kijiko kimoja kina jamii nyingi kuliko makabila ya nchi hii. Wanabanana kwenye chumvi na jua, wanagombea chakula, kila mmoja anamtolea jirani yake sumu. Ujamaa haujawafikia. Lakini sumu hizo ndizo tunazozitafuta, maana mojawapo inaweza kuwa dawa. Mmoja wa kwangu aliwaua vijidudu vya majipu kwenye sahani ya maabara mpaka pakabaki duara safi. Kisha sahani ikaharibika, na mbegu yake ikabaki kwenye chupa hii tu. Bila hiyo sina cha kuandika, na nisipoandika sihitimu.

Nikaiweka jikoni karibu na mafiga ipate joto.

Leo tulipotoka kanisani nimeikuta imeoshwa, imejaa maziwa.

"Nilionja tope lako Alhamisi, nikaona lina munyu," Mama akasema kwa furaha. "Nikampa Azimio, maskini. Tangu magadi yaadimike dukani hajalamba kitu. Tazama anavyokamulika sasa!"

Azimio ni ng'ombe wetu, alizaliwa mwaka wa Azimio la Arusha. Nilikaa chini. Kumbe na Mama mwenyewe ameonja!

"Si ulisema hao wadudu wako wanafaa?"

Nilisema kweli. Nilisema mezani, kwa kujidai, mbele ya watu wote.

Alasiri akaja balozi wetu wa nyumba kumi. Hata marahaba hakuimaliza.

"Binti, haiwezekani mali ya pwani imnufaishe ng'ombe mmoja. Waambie huko chuoni watuletee lori zima."

Nikamweleza kwamba kilichofanya kazi ni chumvi tu. Akanitazama kama bepari anayeficha sukari.

Nilitaka kumkasirikia Mama, nikashindwa. Alikuwa ananimiminia chai ya maziwa yaleyale, mazito, na nimekunywa vikombe viwili. Nampenda sana mama yangu. Ila leo nampenda kwa shida.

Sasa hivi tumaini limebaki moja. Baadhi ya bakteria hujifungia kwenye ganda gumu, wakavumilia ukame na joto. Je, wanavumilia na tumbo la ng'ombe? Sijui, na sidhani kuna aliyewahi kuuliza. Kwa hiyo nimeichemsha chupa, na naandika haya nikiwa kwenye kigoda nyuma ya Azimio, msomi wa kwanza wa ukoo wetu, nangoja. Majirani wanapita, wananipa pole bila kuuliza ya nini. Mama amesimama pembeni ananiombea kwa sauti. Azimio anacheua, hana haraka na mtu.

Lebo ya chupa ilitoka Mama alipoiosha, hivyo lazima niandike nyingine. Jina la mchotaji, sawa. Tarehe, sawa. Mahali sampuli ilipochotwa: niandike Tanga, au nimwambie Profesa ukweli?