Chupa Saba za Dawa ya Homa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Ijumaa tarehe 14, saa 3:10 asubuhi
Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho, kijijini anaitwa Mama Dozi
Umri: miaka 46
Kazi: mtoa dawa, duka la dawa la jamii
Makazi: nyuma ya duka hilo hilo

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Naomba tuandike upesi, sababu nitaieleza.

Duka ni la kijiji, linaendeshwa na kamati. Mwenyekiti wa kamati ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Funguo ni mbili: mmoja ninao mimi, wa pili anao yeye.

Mnamo Jumanne tarehe 11, saa nne asubuhi, shemeji alileta boksi la dawa ya maji ya homa ya watoto. Ya kwetu ilikuwa imeisha wiki mbili zilizopita, na akina mama walikuwa wananisema. Nikamwomba hati ya mzigo. Hakuwa nayo, alisema amepata kwa mtu. Nilitoa chupa moja nikaikagua. Namba ya toleo kwenye chupa haikulingana na ya kwenye boksi, na kifuniko kilifunguka bila pete yake kukatika.

Nikamwambia, "Shemeji, dawa isiyo na baba wala mama siiuzi."

Akacheka. "Wewe unatafuta chawa kwenye kipara."

Nikaandika ISIUZWE kwa kalamu nyekundu, nikalisukuma boksi chini ya meza. Utaratibu unataka dawa yenye shaka ifungiwe kabatini. Kabati hilo hatuna.

Jumatano nilimpeleka mama yangu kliniki ya macho, nikarudi jioni. Jana Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi, nilifungua duka nikakuta boksi liko juu ya meza. Kati ya chupa ishirini na nne zilibaki kumi na saba. Kwenye daftari la wagonjwa hakukuwa na hata jina moja. Nikampigia simu shemeji.

"Watoto wanaungua na homa, nimewasaidia," alisema.

"Akina nani?"

Aliwataja sita. Wa saba alisema atamkumbuka baadaye.

Nilifunga duka, nikachukua kikapu nikaenda kuzikusanya. Nyumba tatu chupa zilikuwa hazijafunguliwa. Ya nne mtoto alikuwa amepewa kijiko kimoja, nikamkuta anakimbiza kuku. Ya tano ni ya bibi mmoja, yeye aliificha chini ya mto. Alisema nimeona dawa inafanya kazi sasa naitaka mwenyewe. Tulivutana. Nilimpigia magoti ndipo akanipa.

Saa sita kasoro dakika kumi nilifika kwa fundi cherehani. Mwanawe ana mwaka mmoja na miezi miwili. Mama wa mtoto alikuwa anafua.

"Dada, dawa yenu nzuri," aliniambia. "Amelala tangu alfajiri, hasumbui."

Nikamuuliza, "Amekojoa?"

Akafikiri. "Jana mchana."

"Na leo?"

Akaingia ndani, akapapasa nepi. Ilikuwa kavu. Nikamwambia ambebe mtoto twende hospitali. Mafunzoni tuliambiwa dawa ya maji iliyochanganywa vibaya hukimbilia figo. Tulipanda pikipiki, mtoto katikati yetu, chupa nimeifunga kwenye pindo la kanga ili daktari aione. Njia nzima mama yake aliniuliza swali moja: "Si ulisema dukani kwako kuna usalama?" Nilikuwa nimesema hivyo, kwenye mkutano wa kijiji.

Saa kumi jioni shemeji alinifuata hospitali. Alikaa kwenye benchi, kofia mkononi. Akasema chupa ya saba aliichukua mama wa safari, mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa anasubiri gari barabarani. Hakumuuliza anakwenda wapi.

Leo saa kumi na mbili asubuhi fundi cherehani alinipigia: mwanawe amelowesha shuka. Sijawahi kufurahia mkojo wa mtu namna hiyo. Lakini mtoto wa safarini bado hajapatikana.

Afande ameniambia lifuatalo si lazima, mimi nataka liandikwe. Namba ya simu ya mkaguzi wa dawa ninayo. Jumanne nilipaswa kumpigia. Sikusahau. Niliogopa kuonekana nimemshtaki shemeji yangu.

Nilichokiona na nilichokifanya ni hiki, sina cha kuongeza. Naomba redio itangaze sasa hivi.

Sahihi ya shahidi: (amesaini)

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali ni sahihi. Amesaini akiwa amesimama. Nimepokea boksi lenye chupa kumi na saba, na chupa tano zilizorudishwa. Ya sita iko hospitali kwa uchunguzi. Mwenyekiti ameitwa kituoni. Tangazo limepelekwa redioni saa 3:50. Shahidi aliomba abaki na chupa moja, nimemkatalia kwa kuwa ni kielelezo. Ameichora kwenye karatasi, rangi ya kibandiko na yote, akaondoka kwenda stendi kuwaonyesha madereva.