Gitaa la Kusafiri Nalo

Jumatatu, 3 Februari
Asubuhi ya mawingu, upepo hakuna, nguo za jana bado mbichi kwenye kamba.

Mdogo wangu Breki,

Marahaba, nakuitikia kabla hujanisalimia, maana najua barua hii itakukuta unakimbia. U mzima? Na mgongo wako je, unavyokaa kwenye gari hilo la kliniki kutwa? Sisi hatujambo kwa kipimo chetu. Mama anakula. Upande wake wa kulia bado haujaamka, na maneno aliyonayo ni machache, ila ya kunigombeza yanatosha.

Habari yenyewe ni hii: nimepata kazi. Mkuu wa stoo ya mabomba, idara ya maji, mji ambao ni mwendo wa siku nzima kwa basi. Naanza Jumatatu tarehe mbili Juni. Wamesema nisipofika siku hiyo watamwita anayefuata kwenye orodha. Huyo anayefuata nilimwona kwenye usaili, waliokuja kuufanyia hapahapa kwetu. Alikuwa na viatu vizuri kuliko vyangu.

Mama alipoanguka tulipatana, miaka mitatu mimi, miaka mitatu wewe. Nimeangalia kwenye shajara. Mitatu yangu iliisha mwaka juzi, mwezi wa Aprili. Sikukudai kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Sasa ninapo. Nataka uwe hapa wiki ya mwisho ya Mei, nikuonyeshe anavyogeuzwa, anavyooshwa, na anavyotudanganya kwamba amemeza dawa.

Kila siku nakwenda stoo ya shule kwa masaa manne, jirani yetu Mama Kufuli akikaa naye. Nikichelewa dakika tano namkuta amesimama mlangoni na mkoba begani. Tangu mwaka juzi sijavuka daraja la mto. Sikuandikii hili ili unihurumie. Nakuandikia ili ulijue.

Nijibu neno moja tu, "nakuja". Barua fupi inatosha.

Ni mimi dada yako


Ijumaa, 14 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako imenikuta mzima, nami naomba hii ikukute mzima, wewe na mama. Mgongo haujambo, gari ndilo mgonjwa.

Hongera sana, Bi Rula. Stoo ya mabomba imempata mwenyewe. Najua mabomba yatapangwa kwa urefu, kwa unene, na yakishindikana hapo, kwa tabia. Mambo ya Juni tutayazungumza, Juni si kesho.

Nina ombi. Nyuma ya soko la mbao kuna fundi wa magitaa. Nataka gitaa la ukubwa kamili, si yale ya kitoto yanayolia kama kopo lenye kokoto. Ila liwe la kusafiri nalo. Kliniki yetu inahama kila wiki mbili, na kila mtu ana begi moja. Kati ya masanduku ya chanjo na paa la gari kuna nafasi ya sentimeta sabini kwa arobaini na tano, kina ishirini. Humo ndimo linamotakiwa kuingia, barabara iwe nzuri au iwe mashimo. Malipo nitamalizana na fundi mwenyewe. Simu huku hazishiki, kwa hiyo tuma barua kupitia ofisi kuu kama kawaida.

Sina mtu mwingine mwenye jicho la vipimo kama lako.

Mdogo wako


Jumapili, 23 Februari
Jua kali tangu saa moja. Vumbi.

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Mama hajambo, jana amekula ndizi mbili na kuniambia chumvi imezidi kwenye chai, ambayo haikuwa na chumvi.

Nimekwenda kwa fundi. Nilitumia masaa yangu ya stoo, mwalimu mkuu akaniruhusu. Fundi ni mtu mfupi mwenye randa kwapani, hata akiongea haiweki chini. Nilipotoa futi yangu akacheka.

"Bibi, unapima gitaa au mchumba?"

"Mchumba ningempima mara mbili," nikamwambia.

Ana magitaa matatu ya kusafiri. La kwanza ni dogo, jepesi, linaingia popote. La pili ni la ukubwa kamili, shingo yake inakunjwa kwa bawaba kama mguu wa meza. La tatu nalo ni kubwa kamili, lakini shingo inang'oka kabisa. Unalegeza nyuzi, unafungua boliti moja kwa ufunguo wa mkono, unailaza shingo ubavuni mwa sanduku, na vyote vinaingia kwenye begi moja la mgongoni. Kulirudisha ni dakika tatu. Nimehesabu kwa saa yangu.

Fundi ana desturi yake. Mnunuzi hukaa upande wa pili wa pazia, yeye anapiga wimbo uleule kwenye kila gitaa bila kusema ni lipi. "Macho yanahongeka, masikio hayahongeki," ndivyo anavyosema. Basi nikakaa kwenye gogo nikasikiliza. Dogo nililitambua mara moja, lilisikika kama mtu anayezungumza kwa kubana pua. Mawili makubwa yalikuwa sawasawa, sauti imejaa, inakaa kifuani. Nikamwomba ayakunje na kuyafungua mara kumi kila moja, kisha apige tena. Alinung'unika, lakini akafanya. La bawaba lilirudi limepoteza sauti, na nilipolibonyeza kwa kidole gumba nikahisi bawaba inacheza kidogo. Bawaba inayocheza leo mwakani itakuwa inalia. Nimechagua la tatu. Kwenye nafasi yako litabakiza sentimeta mbili kila upande, weka nguo.

Fundi sasa anataka mkono. Shingo iliyopo ni ya kujaribia tu, ya mnunuzi huichonga mwisho, kwa kipimo cha kiganja cha mpigaji. Weka mkono wa kushoto juu ya karatasi, uzungushie penseli iliyosimama wima, unitumie.

Nina swali moja. Mtu anayerudi nyumbani mwezi wa Mei anataka gitaa la kusafiri la nini? Humu ndani kuna nafasi ya kuweka hata ngoma.

Dada yako


Alhamisi, 6 Machi

Dada, shikamoo.

Hatujambo. Mkono huo hapo ndani ya bahasha. Asante kwa kunihangaikia, sikujua gitaa lina mitihani mingi hivyo. Msalimie mama. Mengine tutaongea, gari linaunguruma.

Mdogo wako


Jumapili, 16 Machi
Ukungu hadi saa tatu, kisha jua.

Breki,

Mama hajambo. Mimi sijui.

Mkono ulioutuma si wako.

Mkono wako nimeuosha mimi. Ulipokuwa na miaka tisa uliubanisha kwenye mlango wa gari la mjomba, na kidole cha mwisho kikapona kimepinda. Mkono huu una vidole vitano vilivyonyooka, vyembamba, na kiganja kinaingia ndani ya changu. Kwenye kidole cha pete penseli imepanda na kushuka, kama iliyopita juu ya kitu. Fundi aliutazama mara moja tu. "Huyu ni mwanamke," akasema, "na pete haivui."

Nilimwachia karatasi, kwa sababu kazi haina kosa na mkono wa mtu hauna kosa.

Niambie ni wa nani. Kisha niambie kuhusu Mei.

Dada yako


Jumapili, 13 Aprili
Mvua tangu alfajiri, paa la jikoni linavuja palepale.

Mdogo wangu,

Wiki nne. Nimeuliza ofisi kuu, wamesema mko wazima na barua zinafika. Kwa hiyo nakuandikia kama mtu anayenisikia na kunyamaza.

Siku zangu ni hizi. Naamka, namgeuza mama kushoto, nampikia, namgeuza kulia. Nakwenda stoo, narudi kabla mkoba wa Mama Kufuli haujapanda begani. Barua ya kazi nimeibandika ndani ya jalada la shajara, kila siku naifungua kuhakikisha kwamba tarehe haijabadilika. Haijabadilika. Zimebaki siku hamsini.

Jana mama aliuliza, "Breki?" Neno moja, lakini alilisema vizuri. Nikamwambia yuko njiani. Sikupenda jinsi uongo ulivyonitoka kwa urahisi.

Dada yako


Jumapili, 27 Aprili

Dada yangu, shikamoo. Sijui kama utaitikia.

Ni mkono wa mke wangu. Ni muuguzi wa kliniki yetu, yeye ndiye anayechoma chanjo. Tulioana Agosti mwaka jana, mbele ya karani na mashahidi wawili, mmoja wao tulimwokota barazani. Anawapigia watoto gitaa wakati wa sindano, na ukimwona utadhani watoto wanapanga foleni kwa ajili ya sindano. Lile alilokuwa nalo nililikanyaga mimi kwa gurudumu la nyuma, nikirudisha gari bila kutazama. Hata dereva wa punda angecheka.

Sikukwambia nimeoa kwa sababu ungeuliza kuhusu zamu. Na yeye sikumwambia kuhusu zamu. Nilimwambia mama yuko kwa dada ambaye hapendi kutoka nyumbani. Nilisema hivyo siku moja, siku ya pili ikawa ngumu kurudi nyuma, na siku ya tatu ikawa ndiyo kweli.

Mwezi wa Januari nimetia sahihi mkataba mwingine, miaka miwili. Juni siwezi kuja. Nimewaza sana, nikaona labda umlete mama huku. Hema letu ni kubwa, na muuguzi yupo.

Nisamehe, dada.

Mdogo wako


Jumanne, 6 Mei
Baridi asubuhi, mbingu safi.

Breki,

Naitikia, marahaba. Salamu si kosa lako.

Gitaa unafungua boliti moja, linaingia kwenye begi, na kila wiki mbili unalijenga upya. Mama ana miaka sabini na moja, ana kitanda, na ana dirisha moja analolijua. Nilimsomea barua yako yote. Alisikiliza hadi mwisho, akafumba macho, akasema, "Hema."

Gitaa liko tayari. Shingo imechongwa kwa mkono ule, ni nyembamba na laini, nimeigusa. Kilichobaki ni kimo cha nyuzi juu ya shingo, ambacho fundi hukipima mpigaji akiwa amekaa mbele yake. Angeweza kulituma lilivyo, hilo sikufichi. Nimemwomba asilitume.

Na kwa kuwa sisi tumefichana vya kutosha, jua pia kwamba nimemwandikia mkeo, kwa cheo chake, kupitia ofisi kuu. Nimejitambulisha. Nimemwambia gitaa limekwisha na fundi anausubiri mkono wenyewe, na kwamba kuna kitanda cha kufikia. Halafu nimemwandikia tarehe: siku mama alipoanguka, siku tulipopatana, siku zamu yangu ilipoisha, siku ninapoanza kazi. Neno baya juu yako sikuandika. Ni tarehe tu.

Basi langu linaondoka Jumamosi tarehe 31. Tiketi ninayo.

Dada yako


Jumapili, 8 Juni
Asubuhi ya manyunyu, baadaye jua dhaifu. Naona ndivyo unavyoanza, nami naanza hivyo.

Dada, shikamoo.

Stoo ya mabomba inasemaje? Natumaini umefika salama na chumba ulichopanga kina mlango unaofunga. Mama hajambo. Dawa ya jana nimeikuta nyuma ya mto, ya juzi pia.

Ulipoondoka Jumamosi ile, siku mbili baada ya mimi na mke wangu kufika, ulituacha wawili mlangoni, ukafikiri nyumba ina watu wawili. Ngoja nikueleze. Jumanne mke wangu alikwenda kwa fundi, akakaa mbele yake saa nzima. Alirudi na begi mgongoni, akalijenga gitaa mbele ya mama, akampigia wimbo mmoja. Mama akasema, "Tena." Akampigia tena. Kisha akafungua boliti, akaliingiza kwenye begi, akaliweka pamoja na nguo zake.

Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema, "Kazini. Watoto wana tarehe zao za chanjo." Nikasema basi tungoje, tutafute mtu wa kukaa na mama, nami nina mkataba wa gari. Hakupandisha sauti. Unamjua kwa siku mbili tu, lakini nadhani ulishaona hapandishi sauti.

"Gari litapata dereva mwingine," akasema. "Mama ana madereva wawili tu, na mmoja ameendesha miaka mitano bila kushuka."

"Na sisi?"

"Nitakuandikia. Wewe si umezoea barua?"

Aliondoka Jumatano asubuhi. Nilimsindikiza mpaka kituoni, Mama Kufuli akinihesabia dakika. Ofisi kuu wamekubali kuuvunja mkataba wangu, hata hawakubisha. Nilidhani watabisha.

Sasa ni siku ya nne. Mama Kufuli bado anatoa yale masaa manne. Jana niliyapata yote manne, nikashika barabara, nikafika daraja la mto, nikasimama. Sikujua pa kwenda ambako ningewahi kurudi. Nikatazama magari yakipita, nikarudi, nikamkuta na mkoba begani.

Nimeandika swali moja mahali hapa mara mbili, na mara mbili nimelikata, kama unavyoona. Usijitahidi kulisoma.

Jioni hii mama hataki nitoke. Nikikaa kando yake anafumba macho. Nikisimama tu, anayafungua na kunitazama, hagombi. Nimesimama mara sita. Mwishowe nimevuta kiti hadi kitandani, naandika juu ya goti.

Andika ukipata nafasi, dada. Kazi njema.

Mdogo wako

Mama amepata usingizi saa tatu na dakika arobaini. Bado sijasimama.